Picha ya ibada kwenye skrini nane: tununue matriksi ya HDMI au tupitishe kwenye mtandao?

NuruIlazo

Mbukwenyi wakuu, poleni na majukumu.

Nipo hapa Dodoma mitaa ya Ilazo, kanisani kwetu mimi ni katibu wa kitengo cha mitambo. Ukumbi mpya tumeshapaua na plasta tayari, sasa tumefika kwenye picha na hapo kamati imegawanyika kabisa, kikao cha juzi tumetoka saa nne usiku bila jibu. Naombeni mnisaidie nyie mnaofanya hizi kazi kila siku.

Mpangilio uko hivi. Ukumbi mkubwa una skrini ya LED mbele, alafu TV mbili kwenye nguzo kwa sababu waliokaa nyuma ya nguzo madhabahu hawaioni. Roshani TV mbili. Chumba cha kina mama wenye watoto wachanga TV moja. Ukumbi wa Sunday school uko ng'ambo ya uwanja, nimepima mwenyewe kwa futikamba ni mita 85, kule kuna projekta. Na sikukuu kubwa tunafunga hema nje, mita kama 30 kutoka ukumbini, tunaweka TV moja kubwa. Jumla skrini nane. Vyanzo vya picha ni kamera tatu na laptopu ya maneno ya nyimbo na maandiko.

Tumeletewa profoma mbili. Fundi wa kwanza anataka matriksi ya HDMI ya 8 kwa 8, yaani box lenye matundu manane ya kuingiza picha na manane ya kutoa, kutoka hapo waya wa mtandao wa Cat6 unaenda kila skrini na kibox cha kupokelea. Wa pili anataka kila chanzo kiwe na enkoda ya kuibana picha ipite kwenye mtandao, kila skrini iwe na dekoda ya kuibanua, vyote vikutane kwenye swichi ya mtandao. Ya pili inaonekana nafuu ila nilivyoisoma mara ya tatu nikaona chini kabisa kaandika "swichi mteja atatafuta". Wa kwanza anasema mtandao unachelewesha picha, mtamwona mchungaji anafunga mdomo sauti ikiwa imeshapita. Wa pili anasema matriksi imepitwa na wakati na mkiongeza skrini ya tisa mmekwama.

Hela hii ni sadaka za watu jamani, kuna mama kaleta ya gunia zima la mtama alilouza. Sitaki tununue kitu alafu mwakani tunaanza upya. Kipi ni kipi? Na je, tunaweza kutumia mtandao wa ofisi ambao tayari upo, wenye WiFi, au mpaka tuweke mwingine?

kijana_makole

Dada nenda na mtandao, siku hizi kila kitu kinapita huko. Kule Ulaya na Marekani hata vituo vya TV vimeshaanza kuhama, kuna kiwango kabisa cha SMPTE 2110 kilitoka 2017 kwa ajili ya kupitisha picha za studio kwenye mtandao. Matriksi ni kununua historia.

MvutaNyaya

Kijana hapo juu hicho kiwango ni kweli kipo, ila kile ni cha studio zenye swichi za gigabiti 10, 25 na kwenda juu, na saa maalumu ya kuviweka vifaa vyote kwenye sekunde moja, sio vibox vilivyo kwenye profoma ya dada. Tusimpeleke huko.

Dada Nuru mimi navuta nyaya za picha na sauti mwaka wa kumi na moja huu, Dodoma, Singida na kidogo Iringa. Kabla ya kujibu kipi ni kipi naomba ujibu swali moja kwanza. Kwa wakati mmoja mnataka kuona picha NGAPI TOFAUTI? Sio skrini ngapi, picha ngapi. Maana nikisoma maelezo yako naona kamera tatu na laptopu vinaingia kwenye miksa ya video, anayekaa pale anachagua kamera 1, kamera 2, maandiko, na kinachotoka ni picha moja iliyochaguliwa. Hiyo picha moja ndiyo inaenda kila mahali. Labda na ya pili, ya maneno ya nyimbo peke yake kwa ajili ya kwaya. Kama ndivyo, matriksi ya 8 kwa 8 ya nini? Matriksi kazi yake ni kupeleka picha yoyote kwenye skrini yoyote, TV hii inaangalia king'amuzi, ile inaangalia kamera, nyingine inaangalia laptopu, vyote kwa mpigo. Baa yenye mechi tatu kwa wakati mmoja inaihitaji. Ukumbi wa mikutano wenye vyumba vitano na semina tano unaihitaji. Nyie mna picha moja na skrini nane, na hiyo kazi splita, kibox cha kugawa picha moja kwenda skrini nyingi, inafanya kwa sehemu ndogo sana ya bei.

Na kitu ambacho watu wanachanganya, matriksi SIO miksa. Ukibadilisha picha kwenye matriksi nyingi za HDMI skrini inakuwa nyeusi sekunde moja mbili hivi, vifaa vinasalimiana upya ndio picha inarudi. Miksa inakata papo kwa papo. Kwaiyo hata mkinunua matriksi bado miksa mtaihitaji, hakikisha ipo kwenye profoma.

Sasa hili la kuchelewa, fundi wa kwanza kasema kweli nusu. Chukua hesabu. Picha ya 1080 yenye fremu 60 kwa sekunde ni pikseli 1920 mara 1080, kila pikseli biti 24, mara 60, unapata kama gigabiti 3 kwa sekunde. Swichi za kawaida tunazonunua ni gigabiti 1. Hamna namna, picha lazima ibanwe ndio ipite, na kubana na kubanua kunakula muda. Muda gani? Inategemea ilivyobanwa. Kuna vifaa vinabana kidogo tu, vinakula karibu gigabiti nzima lakini vinachelewa fremu moja au mbili, hapo jicho halioni kitu. NDI kamili, mfumo mwingine wa kupitisha picha kwenye mtandao, inakula kama megabiti 100 mpaka 150 kwa picha moja ya 1080 na yenyewe inachelewa fremu chache. Alafu kuna hivi vya H.264 na H.265, vinavyobana picha sana, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni, vinakula megabiti 10 au 20 tu, ni vizuri kwa mtandao mdogo lakini vinaweza kuchelewa sehemu kubwa ya sekunde. Vipo pia vya gigabiti 10 ambavyo karibu havichelewi kabisa, bei yake na ya swichi yake kwa kanisa naona tuache. Profoma yako haitakwambia ni aina gani, uliza.

Matriksi na HDBaseT, yaani zile Cat6 na vibox vya fundi wa kwanza, zenyewe kuchelewa hakuna, picha inaenda ilivyo mpaka mita 100 kwa Cat6 nzuri. Ila angalia, vibox vya bei ndogo vinaishia mita 70, na wewe una mita 85.

Kwaiyo mimi naangalia mtu aliyekaa anaona nini. Kama anamuona mchungaji kwa macho NA kwenye skrini pamoja, kuchelewa hata robo sekunde kunachefua, kwaya ikipiga makofi mikono ya kwenye skrini inapiga baadaye. Hapo peleka waya moja kwa moja, yaani LED, nguzo na roshani. Kama mtazamaji hamuoni mchungaji kwa macho, chumba cha kina mama, watoto, hema, hawezi kujua picha imechelewa, anachotaka ni mdomo na sauti viende pamoja. Hapo sauti isafiri humohumo kwenye enkoda pamoja na picha, vinachelewa kwa pamoja, basi. Enkoda moja, dekoda tatu, swichi moja ya maana. Ukumbi mkubwa splita na waya. Sio lazima uchague upande mmoja dada, hizo profoma mbili zote zinakuuzia zaidi ya unachohitaji.

Kuhusu mtandao wa ofisi jibu langu ni hapana ila muda umenibana, niko kwenye dari la mtu huku Kisasa, jioni nitaeleza.

MzeeWaKoaksi

Nampongeza MvutaNyaya, kaeleza vizuri. Mimi nimefanya kazi ya televisheni tangu enzi za kanda, nimestaafu nipo nyumbani Kondoa, niongeze mawili.

La kwanza, kwa huo ukumbi mkubwa binti yangu usisahau SDI, njia ya picha ya vifaa vya televisheni. Kamera zenu kama zina tundu la SDI tumieni hilo badala ya HDMI. Waya ni koaksi kama ule wa antena ya TV, ukichukua RG6 nzuri picha ya 1080 inatembea mita 100 hivi bila kibox chochote katikati, na kichwa chake cha BNC unakizungusha kinajifunga, mtoto akijikwaa kwenye waya hakitoki. HDMI ya kawaida ikishapita mita 15 tayari unaomba Mungu, na kile kichwa chake kinachomoka kwa uzito wa waya wenyewe tu. Na koaksi fundi wa kijijini anaweza kuifunga kichwa upya dakika tano.

La pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nani yuko pale? Nina hakika ni vijana wa kujitolea, mmoja kidato cha nne, mwingine anasoma chuo likizo ikiisha anaondoka. Splita ikigoma kijana anaangalia taa, anachomoa, anachomeka, anajua. Dekoda ikigoma anatakiwa ajue anwani yake ya IP ni ipi, ipo kwenye mtandao upi, neno la siri nani analo. Nimeona mahali kazi nzuri kabisa imelala miezi kwa sababu aliyeifunga alihama mkoa na maneno ya siri yote akiwa nayo kwenye simu yake. Mkifunga mtandao, siku ya kukabidhiwa mtake karatasi, kila kifaa jina lake, anwani yake, kimechomekwa tundu namba ngapi, na neno la siri, ifungwe kwenye plastiki ibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Bila karatasi hiyo msimalizie malipo.

binti_mpwapwa

Mimi nilitaka kuuliza jamani hiyo Cat6 ya mita 85 kwenda kwa watoto inapita wapi, juu hewani au chini? Maana mwezi wa pili hapa Mpwapwa kwenye ukumbi mmoja walivuta shaba kutoka jengo hadi jengo, ikapiga radi kwenye mbuyu, sio hata kwenye jengo, kwenye mbuyu wa pembeni. Kibox cha huku kikafa, cha kule kikafa, na matundu mawili ya matriksi yakafa, TV ya kule ikabaki na mstari mwekundu. Mvua zetu huku kati zinakuja msimu mmoja tu Desemba mpaka Aprili ila zikija zinakuja na radi zake.

Dada yangu kati ya jengo na jengo weka faiba. Ni kioo, umeme haupiti, ethi ya jengo hili na ya lile hazikutani. Swichi nyingi zina tundu la moduli ya faiba tayari, unanunua moduli mbili na waya. Na hapo mtandao ndio unaishinda matriksi waziwazi, kwa sababu HDBaseT ya kawaida inatembea kwenye shaba.

NuruIlazo

Asanteni sana wote, yaani nimesoma nikiwa nimesimama. MvutaNyaya swali lako limenifungua, ni kweli picha tofauti ni mbili tu, iliyochaguliwa na ya maneno ya kwaya. Hakuna hata mmoja kwenye kamati aliyewahi kuliuliza hilo, sisi tulikuwa tunahesabu skrini.

Mzee wangu shikamoo, kamera mbili zina SDI, ya tatu haina. Umesema kweli tupu kuhusu vijana, ni watatu na mmoja ndio huyo wa kidato cha nne. Binti_mpwapwa fundi alipanga waya upite juu kwenye nguzo ya taa. Nimeshamwambia mwenyekiti asubirie.

Nabaki na lile la mtandao wa ofisi. Mhasibu wetu anasema upo, umelipiwa, kwa nini tuweke mwingine?

MvutaNyaya

Nimeshuka darini. Nieleze kilichonikuta mwenyewe.

Ukumbi mmoja wa mikutano hapa mjini, sitautaja, tulifunga enkoda mbili na dekoda sita na mwenye ukumbi akasema tumieni swichi zangu zilizopo, za ofisi. Jaribio la Ijumaa picha safi, tukapeana mikono. Jumatatu mkutano unaanza, picha inakaa vizuri dakika nne na kidogo alafu zote sita zinaganda. Ukizima dekoda na kuwasha picha inarudi, dakika nne na kidogo, zinaganda tena. Nilikaa nyuma ya pazia na saa ya simu nahesabu, inaganda kila inapokaribia sekunde 260, kama vile kuna mtu anaizima kwa makusudi. Na huku dada wa mapokezi anapiga simu WiFi imekufa wageni hawawezi kujisajili.

Sababu ni hii. Ukipeleka picha moja kwa skrini nyingi, enkoda haitumi nakala sita, inatuma moja ya kundi, multikasti, na swichi ndiyo inatakiwa kujua nani yuko kwenye kundi impe na nani hayumo asimpe. Swichi ya kawaida isiyo na akili haijui, inamwaga picha kwenye kila tundu, hadi printa inapelekewa ibada, hadi kifaa cha WiFi, na WiFi mzigo wa namna hiyo inautuma kwa mwendo wake wa chini kabisa ndio maana inakufa kwanza. Swichi yenye akili inasikiliza dekoda zikisema mimi namo, hiyo inaitwa IGMP snupingi. Ila orodha hiyo inachakaa. Lazima kuwe na kifaa kimoja kwenye mtandao kinachouliza kila mara nani bado anaangalia, kama hakuna anayeuliza, dekoda hazijibu, swichi inadhani wameondoka wote inafunga, na muda wa kusubiri uliozoeleka ni hizo sekunde 260. Pale mjini ofisini swichi moja ilikuwa na snupingi imewashwa na muulizaji hakuna, nyingine haikuwa na snupingi kabisa. Ndio maana nikapata magonjwa mawili kwa mpigo. Siku ya Ijumaa tulijaribu dakika tatu tatu tu.

Kwaiyo mwambie mhasibu kwa heshima zote, sio kwamba ule mtandao ni mbaya, ni kwamba picha na kazi za ofisi zinauana. Nunueni swichi moja inayosimamiwa, yenye snupingi na muulizaji wa ndani, matundu ya PoE ili dekoda zinazokubali zipate umeme humohumo kwenye waya, na tundu la faiba. Iwe ya picha peke yake, haiunganishwi na ofisi. Ile inayopeleka ibada YouTube iwe kompyuta ya pembeni yenye mguu kule na huku, yaani tundu moja kwenye swichi ya picha na jingine kwenye mtandao wa ofisi. Na mipangilio ikishakaa sawa mhifadhi nakala yake, swichi ikiungua mnanunua nyingine mnairudishia mipangilio, Jumapili inayofuata mnaendelea. Matriksi ikiungua pawa saplai mnaweza kusubiri kifaa kutoka nje wiki kadhaa.

Na hapo ndipo nirudi kwa fundi wako wa pili, kuandika swichi mteja atatafuta ni sawa na kuuza gari ukasema injini mteja atatafuta. Swichi ndiyo matriksi yenyewe. Hiyo profoma usiisaini.

kijana_makole

Nimekubali mkuu, nimejifunza. Niulize tu, TV za zamani zikichanganywa na mpya inakuwaje? Home tuna moja ya 720.

MvutaNyaya

Swali zuri. Kwenye splita za bei ndogo TV ya chini inazishusha zote, kwa sababu kila TV inajitambulisha na kifaa kinachagua picha ambayo wote wanaiweza. Dada Nuru TV za nguzo na roshani ziwe daraja moja. Dekoda nyingi zenyewe zinaipunguza picha kwa ajili ya TV yake, haziwasumbui wengine, kwaiyo kama mna TV ya zamani ipelekeni chumba cha kina mama. Kingine, ving'amuzi vingi vinalinda picha yake kwa HDCP na enkoda nyingi zinaikataa, inatoka nyeusi. Kanisani haiwahusu ila wenye baa wanaosoma hapa wajue.

NuruIlazo

Wakuu nimerudi, imepita wiki mbili. Tumeazima enkoda moja na dekoda mbili za H.264 tukajaribu kabla ya kununua, nikaona niwaletee tulichokiona.

Tulifanya hivi, kijana wetu wa kidato cha nne alifungua saa ya kukimbilia kwenye simu, akaiweka mbele ya kamera, alafu mimi nikapiga picha simu na TV zikiwa pamoja. Simu inasoma 14.62, TV inasoma 14.31. Yaani 0.31 ya sekunde. Tukaweka TV kwenye hali ya gemu, tukapunguza akiba ya dekoda, yaani picha inazozishikilia kabla ya kuonyesha, ikashuka mpaka 0.19. Kwa waya wa moja kwa moja TV ileile ilikuwa 0.06. Tukaweka dekoda kwenye nguzo kwaya ikafanya mazoezi, na ni kama MvutaNyaya alivyosema, kwenye "Haleluya" ya makofi nilishindwa kuangalia, mama mmoja akasema inamtia kizunguzungu. Nguzo na roshani zinaenda waya, hiyo imekwisha.

Kwa watoto sasa ndio nilishangaa. Niliogopa watasikia sauti mara mbili, maana spika za ukumbi mkubwa zinasikika mpaka kule dirishani. Nikasimama katikati ya darasa, sauti ya dekoda na ile ya kutoka nje zinakuja karibu pamoja kabisa! Ila kwenye hema, ambalo ni karibu zaidi, mwangwi mbaya, sauti ya spika kubwa inafika kwanza ya TV inafuata. Nilidhani karibu ndiyo ingekuwa afadhali. Kwa nini?

MzeeWaKoaksi

Marahaba binti yangu. Umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi, na huyo kijana mpe hongera zangu.

Sauti hewani inatembea mita kama 345 kwa sekunde. Kwenda mita 85 inatumia karibu robo sekunde, 0.25. Dekoda yako imechelewa 0.19. Vimeachana kidogo tu, sikio linaviunganisha. Kwenye hema mita 30 sauti inafika kwa 0.09, dekoda bado ni 0.19, hapo sehemu ya kumi ya sekunde imebaki wazi na sikio linasikia mbili. Kwenye hema, sauti ya TV izime kabisa. Toa sauti kwenye miksa ya sauti kwa waya wake mpaka spika ndogo za hema, uicheleweshe 0.09 hapo kwenye miksa ziende sawa na zile kubwa. Picha itakuwa nyuma ya sauti kwa hiyo sehemu ya kumi na wengi wataiona kidogo, lakini mwangwi utakuwa umeondoka, na mwangwi ndio unaoondoa watu hemani. Kama roho haitulii, hema nalo lipe koaksi, mita 30 ni kitu kidogo. Waya wa muda huo unautoa ibada ikiisha, usiuache nje mvua zikianza.

NuruIlazo

Koaksi basi, roho haitulii. Kamati imepitisha jana: miksa ya video, splita, koaksi kwa ukumbi, roshani na hema, swichi moja inayosimamiwa, enkoda moja, dekoda mbili kwa kina mama na watoto, faiba ya kuvuka uwanja. Imetoka chini ya profoma zote mbili na mhasibu kasaini mwenyewe. Mtaro wa faiba vijana wanaanza kuchimba Jumamosi, nataka ufunikwe kabla ya Desemba.

binti_mpwapwa

Ndani ya mtaro lazeni bomba mbili sio moja, na hiyo ya pili pitisheni kamba ya manila muiache humo, siku mkitaka kuongeza waya mnaufunga kwenye kamba mnavuta. Na wekeni alama ukutani bomba linapoingilia, maana ule uwanja najua kuna siku mtapanda miti.

NuruIlazo

Kamba naandika sasa hivi kwenye orodha ya manunuzi. Mita 100 zitatosha eeh?

MvutaNyaya

Chukua 110, kuna kupanda ukutani pande zote mbili. Na faiba hivyohivyo, usikate kwa kipimo cha uwanja.